Gari la spoti halinywi mafuta, ni hesabu zenu zinazovuja

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma kadhaa, samahanini. Kazi. Leo sitaandika sana kuhusu programu kwa sababu kuna jambo limenikereketa tangu Jumamosi, na nisipolitoa nitalala nalo tena.

Tuko watu tisa kwenye chama chetu. Tunakutana mara moja kwa mwezi, tunachanga, tunakopeshana kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi. Nilikuwa nimeomba shilingi 60,000 za karo ya dada yangu mdogo, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni. Mweka hazina wetu, mzee ninayemheshimu, akavua miwani, akanitazama, akasema: "Kijana, si uuze kwanza hicho kigari chako cha mashindano ndiyo uje kukopa? Petroli unayoimwaga barabarani ingemsomesha huyo msichana." Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana ungefanya nini? Ombi langu likaahirishwa hadi mkutano ujao "ili mwanachama ajipange".

Dakika kumi baadaye mwenzetu mmoja akaomba mara mbili ya hizo zangu ili abadilishe matairi manne na shokomzoba za Prado yake. Yakapita. Hakuna aliyemuuliza inakunywa lita ngapi.

Sina ugomvi na mwenye Prado. Ni rafiki yangu, na nambari zake nitakazotumia hapa amenipa mwenyewe. Ugomvi wangu ni na imani hii ambayo kila mtu anayo na hakuna aliyewahi kuipima: kwamba gari likiwa fupi, la milango miwili na lenye pua ya papa, basi lazima linakunywa mafuta kama lori la mchanga, na anayeliendesha lazima awe kijana asiyejua anakokwenda.

Haya, tupime.

Gari langu ni Toyota Celica ya 2003, iliyoingia nchini 2010, gia za mkono. Nililinunua kwa 480,000. Naishi Ruiru na ofisi iko Upper Hill, kwa hiyo nikienda na kurudi ni kilomita 52 hivi, siku nne kwa juma. Siku niliyolileta nyumbani niliandika programu ndogo ya Python, mistari kama 80, inayohifadhi kwenye SQLite kila ninapojaza: tarehe, lita, bei, kilomita. Najaza tangi hadi bomba likate lenyewe, kila mara. Sijazi "ya elfu moja", kwa sababu ukijaza ya elfu moja huwezi kujua chochote isipokuwa kwamba una elfu moja pungufu. Nililinganisha pia mita ya kilomita na GPS ya simu. Mita inatia chumvi kwa asilimia mbili, nami nimezikata hizo mbili kwenye hesabu. Msije mkaniambia nimejipendelea.

Miezi 14. Kujaza mara 37. Kilomita 14,106. Lita 1,163. Gawanya mwenyewe: kilomita 12.1 kwa lita, na nyingi ya hizo ni Thika Road asubuhi, si safari ya Nanyuki Jumapili.

Prado ya rafiki yangu, petroli ya lita 2.7, kwa risiti zake za mwezi mzima ilitoa 6.9.

Sasa chukua kilomita 1,000 kwa mwezi, ambazo ndizo zangu. Bei ya petroli Nairobi mwaka 2025 ilicheza kati ya 170 na 190, kwa hiyo tutumie 180. Mimi nachoma lita 82, shilingi 14,800. Yeye anachoma lita 145, shilingi 26,100. Tofauti ni zaidi ya 11,200 kila mwezi. Mzee wangu mweka hazina, hiyo ndiyo karo ya dada yangu, yote, kwa chini ya miezi sita! Na haikumwagwa na Celica.

Najua kuna mtu tayari anasema "lakini mwanzo ulituambia hapa kwamba ilikuwa inakunywa". Kweli. Mara nne za kwanza ilitoa 9.3, nikaogopa. Ikawa ni kihisi cha oksijeni kwenye eksozi kilichokufa. Kikifa, kompyuta ya injini haijui kama inachoma vizuri au la, kwa hiyo inamwaga petroli zaidi ili ijihami. Kwa kawaida taa ya injini ingewaka kwenye dashibodi, ila mwenye gari wa kwanza, au fundi wake, alikuwa ameikata hiyo taa kwa nyuma. Waandishi wa programu wenzangu mnamfahamu mtu wa namna hiyo. Ni yule anayefunga kila kosa ndani ya try halafu anaandika except: pass, kisha anaondoka kazini akiacha rekodi safi. Nilibadilisha kihisi, nikarudisha taa, gari likapanda hadi 12. Hizo nne za mwanzo zimo kwenye wastani wangu, sikuzitoa.

Ni magari mangapi hapa Nairobi yanayosemwa "hunywa" ilhali yana kihisi kilichokufa na taa iliyokatwa? Lakini hayo hayana pua ya papa, kwa hiyo hayashukiwi.

Twende kwenye boneti, maana hapo ndipo kichekesho kilipo. Juma la tatu nilikwenda Kirinyaga Road kutafuta plagi na chujio la oili. Nikafungua boneti nikiwa nimejiandaa kuambiwa spea zake hazipatikani. Fundi akainama, akaangalia sekunde tatu, akainuka. "Boss, hii si injini ya Wish?"

Ndiyo, ni injini ya Wish. 1ZZ-FE, cc 1,794. Ndiyo iliyo kwenye Wish ya kwanza ya 1.8, ndiyo iliyo kwenye Premio na Allion za 1.8 za miaka hiyo, zile tunazoita 240, gari la kila mwalimu mkuu na kila mchungaji. Mzee wetu mweka hazina, na hili nalisema kwa heshima zote, anaendesha Premio 240. Tuna injini moja, mzee! Tofauti ni kwamba yangu imevalishwa fulana na yako imevalishwa suti. Wish ina kilo 1,300 hivi. Celica yangu ina 1,100 na kidogo. Injini ileile ikisukuma kilo mia mbili pungufu, katika umbo lililo chini na linalopasua hewa kwa urahisi zaidi, itakunywa zaidi kwa sababu gani? Kwa sababu ina mabawa?

Uzito ndio mnaopaswa kuuogopa. Kila unapoondoka taa ikiwa kijani unalipia nishati ya mwendo: nusu ya uzito mara kasi mraba. Kufika kilomita 50 kwa saa, Celica nikiwa ndani inahitaji takriban kilojuli 116. Prado na mwenyewe ndani, kama 212. Halafu unafika mzunguko unaofuata, unakanyaga breki, na hizo zote zinageuka joto kwenye diski. Lita ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini injini katika msongamano ikibahatika inageuza sehemu moja ya tano tu kuwa mwendo. Piga hesabu: kila mara 65 hivi unapoondoka kutoka sifuri hadi 50, Prado imetumia lita nzima zaidi yangu kwa ajili ya kuondoka tu. Sijataja bado mlima. Sijataja hewa pia, na hewa ni adui mwingine: nguvu ya kuisukuma hupanda kwa mchemraba wa kasi, na gari lenye kimo cha karibu mita 1.9 linasukuma ukuta ambapo langu, mita 1.3, linapita chini yake.

Ni yaleyale tunayofanya kwenye kompyuta. Mtu anaandika programu ya kuonyesha orodha ya wateja hamsini, anaifungia ndani yake kivinjari kizima, inakula gigabaiti ya RAM, halafu anakwambia nunua kompyuta mpya kwa sababu hiyo yako ni ya zamani.

Sitaki kusema kwamba imani hii imetoka hewani. Imetoka mahali. Mjomba wangu aliyenifundisha kuendesha bado anasimulia Safari Rally ya 1994, Ian Duncan, Mkenya, akishinda kwa Celica. Kabla ya hapo Toyota walikuwa wameshinda na Celica 1984, 1985 na 1986, kisha 1990, 1992 na 1993. Kwa watu wa umri wake neno Celica ni turbo, vumbi, na helikopta juu. Zile za miaka ya tisini zilikuwa na magurudumu manne yanayosukuma na turbo. Yangu inavutwa na magurudumu ya mbele kama gari la kupeleka mayai sokoni. Jina limebaki, injini ni nyingine.

Halafu kuna Subaru. Vijana wa Subaru, nawapenda, lakini nyinyi ndio mliotuharibia jina. Turbo, magurudumu manne, na eksozi inayoamsha mtaa saa nane usiku. Hiyo inakunywa, na mwenyewe anajua. Na kuna Mazda RX-8, ambayo watu wanaitazama wanaona "1.3" wanafikiri ni Vitz. Ile ni injini ya rotari. Chumba chake cha kuchomea ni kirefu na chembamba, joto linapotea kwenye kuta, sehemu ya petroli inatoka haijaungua vizuri, na juu ya hayo inachoma oili kwa makusudi, ndivyo ilivyoundwa. Usiinunue kwa ajili ya kwenda kazini. Mtu akikwambia RX-8 yake inakwenda 12 kwa lita, mwombe risiti.

Kwa hiyo sisemi magari yote ya spoti ni sawa. Nasema umbo halikwambii kitu. Uliza cc ngapi, kilo ngapi, turbo au la, na nani anakanyaga. Hata Celica yenyewe iliuzwa na injini nyingine, SS-II, iliyotengenezwa pamoja na Yamaha, ambayo kamu yake ya pili inaamka mizunguko ikipita 6,000 kwa dakika. Ukiipata hiyo utaikanyaga, najijua, ningeikanyaga. Nilinunua ya kawaida kwa sababu hiyo hasa. Na wazo lenyewe si langu. Honda walikuwa na CR-X miaka ya themanini, gari dogo la milango miwili, jepesi mno, na toleo lake la HF liliuzwa Marekani kwa watu waliokuwa wakihesabu kila tone.

Sasa nakuja kwa wale watakaosema "nunua Aqua". Huo ndio upinzani wenye akili, na nitaujibu kwa hesabu. Aqua ingenipa tuseme 20 kwa lita. Lita 50 kwa mwezi, shilingi 9,000. Ingeniokolea 5,800. Niliulizia yadi, nikaambiwa 1,250,000. Tofauti na bei ya Celica ni 770,000, ambazo sina, kwa hiyo ningekopa. Kwa riba yetu ya chama, asilimia moja kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 7,700. Yaani nakopa ili niokoe 5,800 na nalipa 7,700 kwa ajili ya hiyo heshima.

Anayetaka kunibana ataniambia niongeze gereji. Sawa. Miezi 14 nimetumia 118,000: kihisi, klachi, shokomzoba za mbele, mipira ya chini, vitu vidogo. Ni 8,400 kwa mwezi, na sijivunii. Tuseme Aqua haitamwona fundi hata siku moja, jambo ambalo si kweli. Basi ninaokoa kama 14,200 kwa mwezi, na nikizitumia zote kulipa mkopo huo nitaumaliza baada ya karibu miaka sita na nusu. Betri ya Aqua itakuwa na umri gani siku hiyo? Na tukirudi kwa Prado, petroli yangu pamoja na gereji yangu ni 23,300. Petroli yake peke yake ni 26,100.

Gari ambalo lingenishinda ni Vitz ya umri uleule na bei ileile. Ingetoa 15 na kitu. Ingenipunguzia kama 3,200 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya kupenda ninachoendesha na naijua hadi mia ya mwisho. Sinywi pombe na sibeti mechi. Wengine tunaochanga nao wangapi wanaweza kuandika bei ya furaha yao kwenye jedwali?

Matatu? Nilipanda miaka mitatu, na siku ambazo sina zamu ya usiku bado napanda. Basi la abiria 33 likijaa linatushinda sote kwa kila kichwa, hakuna ubishi hapo. Lakini seva zikianguka saa tano usiku natakiwa kuwepo, na kurudi Ruiru saa nane za usiku si jambo la nadharia.

Kasoro zake nazijua kuliko nyinyi. Matuta ya mtaani kwetu nayapanda kimshazari kama mtu anayeshuka ngazi na mzigo. Mvua ikinyesha kuna barabara siiendi. Mama alipanda mara moja, akashuka akishikilia kiuno, akasema, "Mwanangu, hili ni gari au ni kitanda?" Nikamnunulia mto. Bima kamili nimekataliwa na kampuni mbili kwa sababu ya umri wa gari, kwa hiyo nina ya kawaida tu, na hiyo ni hatari ninayoibeba mwenyewe. Injini za 1ZZ za mwanzomwanzo zilijulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, kwa hiyo kila Jumapili navuta kijiti naangalia. Ukinunua yoyote, iwe Wish, Premio au Celica, vuta kijiti kabla ya kutoa pesa.

Jambo moja kabla sijafunga, maana nimelisikia tena kwenye mkutano uleule. Mtu alisema yeye "anaokoa" kwa kutia frii akiteremka. Acheni! Kwenye kabureta labda kulikuwa na hoja. Injini ya kupuliza petroli kwa kompyuta, ukiachia mafuta huku gari liko kwenye gia, inafunga petroli kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukitia frii inabidi ichome ili isizimike. Kwa hiyo unatumia zaidi, na umepoteza breki ya injini, mteremkoni. Mimi nashuka kwenye gia ya nne, mguu juu, naangalia mbali. Kilomita moja na zaidi kati ya hizo 12.1 inatoka kwenye mguu wangu, na niliiona kwenye jedwali juma lile nililojilazimisha kuendesha kwa hasira makusudi: 10.6.

Na kabla hujaniambia gari la zamani lichinjwe kwa faida ya mazingira: kanuni zetu haziruhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na Celica hizi ziliacha kutengenezwa 2006. Zilizopo nchini ndizo hizo. Chuma chake kilishayeyushwa, meli ilishakuja. Kila lita ninayochoma inatoa kilo 2.3 za kaboni dioksidi, hilo silikwepi, lakini kutengeneza gari jipya kunatoa tani kadhaa kabla halijatembea hata mita moja.

Mkutano ujao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nimechapisha jedwali lote, kurasa mbili, nakala tisa. Nimemwomba mzee wetu anipe risiti za Premio yake za mwezi huu, na amekubali, ingawa kwa kuguna. Nina hamu kuliko ya karo yenyewe. Hapana, nadanganya, karo kwanza, maana chuo kinataka pesa kabla ya tarehe kumi na dada yangu ananipigia kila jioni.

Mwenye rekodi zake za kujaza tangi, za gari lolote, naomba aniandikie. Lita na kilomita, si "haili sana". Nitaziingiza zote.